Jalada Limehama

Nyumba ya Perusi Chidawali niliijenga mimi,
tofali za kuchoma elfu nne na mia mbili,
nikizihesabu mwenyewe pale Kibaigwa
maana dereva wa lori alikuwa na mkono mwepesi.
Kenchi nilizifunga kwa waya, si misumari peke yake.
Nasema haya kwa sababu nimeulizwa
na watu ambao hawajawahi kupanda ngazi.

Upepo ulikuja Novemba, saa tisa alasiri,
vumbi jekundu limetangulia kama mpiga mbiu.
Ukashika bati la pembeni,
ukalivuta, ukaliachia, ukalivuta tena,
kama mgeni anayejaribu kitasa asichokijua,
kisha ukaondoka na paa zima
hadi kwenye alizeti za jirani.
Perusi tulimkuta ndani, amekumbatia cherehani.

Bima alikuwa nayo. Miaka sita amelipa,
stakabadhi zote zimo katika kopo la maziwa ya unga.
Kampuni ikaleta kijana mwenye viatu vyeupe.
Akapiga picha anga, pale palipokuwa dari.
Akaandika: *upepo mkali, si kimbunga.*
Mkataba unasema kimbunga.
Chini yake akaongeza: *hasara ni ndogo.*

Tukaenda mahakama ya wilaya, Kongwa.
Nilivaa koti la harusi ya mwanangu.
Nikaapa, nikaanza habari ya kenchi,
na hakimu, mama wa makamo, miwani ina kamba,
aliweka kalamu chini akanitazama:
"Waya ulikuwa wa geji gani, fundi?"
Nikajua huyu naye amejenga.

Sijafika kwenye linta, wakili wa kampuni akasimama.
Mheshimiwa, tuna pingamizi.
Shauri hili ni kubwa, lina hoja nzito za kisheria,
mahakama hii haina mamlaka nalo,
mahali pake ni Mahakama Kuu, Dodoma mjini.
Perusi akaniinamia sikioni:
"Si ni hawa hawa walioandika hasara ni ndogo?"

Hasara ndogo. Shauri kubwa.
Nimepima vitu maisha yangu yote kwa futi kamba,
sijaona bado kitu kinachorefuka
kwa kuvushwa kizingiti.

Jalada likafungwa uzi, likapanda gari.
Sisi tukabaki stendi tukihesabu nauli.

Dodoma mjini sakafu inang'aa hadi unaona goti lako.
Karani ni mpole, hana neno baya:
Februari, njooni Aprili. Aprili, mtajulishwa.
Nikamuuliza, na yale niliyoapia Kongwa?
Akafunua kurasa kwa kidole kilicholowa mate.
"Yale hayahesabiki, mzee. Hapa utaanza upya."
Nitaanza upya. Ila yule wa geji
hayupo huku wa kuniuliza.

Mvua haikuomba kuahirishwa.
Ilifika kwa tarehe yake, ikaingia bila hodi,
ikakaa kitandani kwa Perusi kama mwenye hati.
Wakili wetu alikwisha tuonya:
msirudishe bati hata moja, nyumba ni ushahidi.
Basi mama wa watu analala ndani ya ushahidi,
anapika ndani ya ushahidi,
sare za wanafunzi anazishona chini ya turubai
linalotoboka kila wiki mahali papya.

Jana usiku nilikwenda na nyundo.
Nikanyoosha bati mbili zilizopinda, juu ya jiwe,
polepole, jirani wasiamke.
Nikapanda. Nikazigongelea juu ya cherehani,
pale tu, upana wa meza yake.
Perusi alishika tochi, hakusema kitu.

Jaji akiuliza nani kagusa ushahidi,
aniite. Koti lipo, limepigwa pasi.
Na nitamwambia kabla hajauliza:
safari hii waya nimepitisha mara mbili.